Asilimia Ile Ile, Kapu Si Lile Lile
(Hotuba fupi kuhusu maendeleo ya mikoa, siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Mara nyingi tunaulizwa: kwa nini Kilimanjaro walitangulia na sisi wa Kusini tukachelewa? Wapo wanaosema eti sisi ni wavivu. Hapana jamani, tutazame historia.

Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi kabla ya vita ya mwaka 1914. Kahawa ikapata njia ya kwenda bandarini, na mwaka 1933 wakulima wakaunda ushirika wao mkuu, KNCU. Wakati huo watu wa Songea na Kigoma walikuwa wakichukuliwa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Jasho lao likatajirisha kwingine.

Kusini tulijengewa reli kwa ajili ya ule Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947. Karanga zilishindikana, na miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Daraja la Rufiji tulilipata mwaka 2003. Kabla ya hapo tulisubiri kivuko, na mvua ikizidi safari inakwama. Sukari ikifika huku ni ghali, na mazao yetu yananunuliwa kwa bei ya chini, maana gharama ya njia inakatwa humo humo.

Leo daraja tunalo. Lakini korosho nyingi bado zinapelekwa nje zikiwa ghafi, na kazi ya kubangua inaondoka nazo. Kazi hiyo ni ya nani? Ni yetu sisi akina mama!

Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni jambo jema. Ila halmashauri tajiri hutoa kubwa, na maskini hutoa kidogo. Asilimia ni ile ile, kapu si lile lile.

Ndiyo maana naomba mambo mawili. Kwanza, mwaka huu sehemu ya mikopo yetu iende kwenye ubanguaji, ili faida izunguke hapa hapa. Pili, tuhudhurie mikutano ya kijiji na kata, tudai barabara na umeme. Hisa zetu haziwezi kujenga barabara. Hiyo ni kazi ya kodi tunazolipa. Tuweke akiba, na tuseme pia.