Perege wa Bonde la Pangani



Maji ya Mto Themi, upitao hapa mjini Arusha, huungana na mito mingine ya Mlima Meru na kuingia Kikuletwa, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Mto Pangani hata baharini. Katika bonde hilo hukaa perege ambaye wataalamu humwita Oreochromis jipe, aliyeelezwa kitaalamu mara ya kwanza na Bibi Rosemary Lowe mwaka 1955. Jina lake latokana na Ziwa Jipe, lililo mpakani mwa Tanzania na Kenya. Nje ya bonde hili hana kwao kwingine duniani.

Malezi yake ni ya kustaajabisha. Dume huchimba kiota chini ya maji. Jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai kinywani mwake na kuyalea hata watoto waweze kuogelea wenyewe. Kwa hiyo mayai yake si mengi, na mvuvi amnasaye mama mmoja huangamiza na wana. Wavu wenye macho madogo huzidisha hasara, maana huvua hata wasiopata kuzaa.

Adui wa pili ni samaki wageni. Sato, na ngege wa Ziwa Viktoria, waliletwa na watu ili kuongeza kitoweo. Nia ilikuwa njema. Walakini wageni hugombea chakula na mazalio na wenyeji, tena samaki wa jamaa moja huweza kuzaana hata asili ikapotea. Wa tatu ni sisi tukaao juu: mifereji yetu hupunguza maji, na takataka zetu huyachafua. Leo perege huyu yumo katika Orodha Nyekundu ya dunia, daraja ya mwisho kabla ya kutoweka mitoni na maziwani.

Ndugu, sisi makarani twajua thamani ya hati isiyo na nakala. Basi yatupasa mambo matatu. Mwenye bwawa la sato alizibe vyema, samaki wasitoroke wakati wa mvua. Anunuaye sokoni akatae samaki wachanga, ili mvuvi asipate faida kwao. Naye ambaye mezani pake hupita barua za maji na uvuvi, asiziache zikalala.