Stempu ya Kumkumbuka Mchoraji Tingatinga

Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee na vijana wa Mabibo



Nimeagizwa niseme habari ya kitu kidogo sana, ambacho mtu aweza kukifunika kwa kidole gumba. Tangu mwaka wa 1840, Waingereza walipotoa stempu ya kwanza yenye sura ya Malkia Victoria, kazi ya stempu ni kushuhudia ya kuwa gharama ya barua imekwisha kulipwa. Lakini serikali za dunia ziliona ya kuwa kikaratasi hicho chaweza pia kuchukua heshima ya mtu. Mwaka wa 1930 Wahispania walitoa stempu za kumkumbuka mchoraji wao Goya, aliyefariki mwaka wa 1828, wakatia humo na picha yake ya mwanamke aliyelala bila nguo. Watu wengi wakachukizwa, nami siwalaumu. Ila tazameni jambo hili: picha ambayo zamani watu waliifuata ilipo, sasa iliwafuata wao mpaka mlangoni.

Basi, kwetu sisi mchoraji astahiliye heshima hiyo ni Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka wa 1932 huko Tunduru, upande wa kusini. Masomo yake ya shule yalikuwa machache. Akaenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akaja Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani kwa Mzungu. Alikaa Msasani, mahali paitwapo Mikoroshini. Ninyi mnaokaa mtaa wenye jina la tunda la mkorosho, msimhesabu kuwa mgeni.

Alianza kuchora mwaka wa 1968, naye ni mtu mzima wa miaka kama thelathini na sita. Hakuwa na kitambaa cha wachoraji wala rangi za wachoraji. Alichukua vipande vya hadibodi, zile mbao nyembamba za kutengenezea dari, kadiri ya futi mbili kwa futi mbili, na rangi ya mafuta ipakwayo baiskeli. Kwanza aliupaka ubao wote rangi moja, kisha akamweka mnyama mmoja, chui au tembo au ndege, akaujaza ubao karibu wote. Hakutia kivuli, wala hakuchora milima nyuma yake. Rangi ile hung'aa, nayo hukawia kukauka, hata mchoraji hana budi kungoja kabla ya kutia madoa juu yake. Watu wasiojua husema huo ni mchezo wa watoto. Na ajaribu mmoja wao kumsimamisha chui ubaoni kwa brashi, naye akakutazama.

Picha ziliuzwa Oysterbay, penye maduka ya Morogoro Stores, na wanunuzi walikuwa hasa wageni. Jamaa zake wakakaa karibu naye wakajifunza. Hata mwaka wa 1972 polisi wakalipiga risasi gari alimokuwamo, wakidhani ni la wahalifu waliokuwa wakitafutwa; naye akafa. Hesabuni wenyewe: tangu 1968 hata 1972 ni miaka minne tu.

Waliobaki hawakuiacha kazi, na mwaka wa 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Leo picha za namna ile zauzwa mijini na visiwani, nazo zimepata kutiwa hata katika stempu za nchi yetu. Jambo hilo ni jema, lakini ndani yake mna hasara. Jina la mtu limekuwa jina la bidhaa. Mgeni aulizia "tingatinga" kama aulizavyo bei ya kikapu. Mtoto wetu naye akisikia neno hilo hufikiri habari za mtambo wa kulimia au kusawazisha barabara, kwa kuwa mtambo huo nao huitwa tingatinga. Basi mtu mwenyewe yuko wapi?

Kwa hiyo nasema ya kuwa stempu ya mtindo ni kitu kimoja, na stempu ya ukumbusho wa mchoraji ni kitu kingine. Ya pili yapasa kumrudishia mtu jina lake lote, Edward Saidi Tingatinga, pamoja na miaka yake, 1932 hata 1972, ili mpokea barua aone ya kuwa maisha yake yalikuwa mafupi na aulize sababu. Na picha iwe ya mkono wake mwenyewe, si ya mwanafunzi, hata kama ya mwanafunzi ina wanyama wengi na rangi nyingi zaidi. Mnyama mmoja atosha. Ubao wa futi mbili ukipunguzwa kuwa kipande cha stempu, picha yenye wanyama ishirini huwa vumbi la rangi. Bali chui wake aliye peke yake hukaa vilevile, na macho yake yaonekana.

Wengine husema habari ya risasi isitajwe katika ukumbusho wa heshima. Katika stempu nafasi haipo, nakubali. Lakini Posta hutoa pia bahasha za siku ya kwanza, na maelezo ya stempu kwa wakusanyaji. Humo nafasi ipo, nayo habari ile yaweza kuandikwa kwa mstari mmoja.