Kifusi Kile si Taka

Msikilizaji, habari unayo tangu ile Ijumaa, siku ya Krismasi ya mwaka 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe wa Zanzibar, ilipoporomoka na kuchukua roho za watu wawili. Marehemu tunawaombea rehema, wafiwa tunawaombea subira. Nani alaumiwe, hilo tunauachia uchunguzi. Linalotukosesha usingizi sisi hapa kituoni ni kilichobaki chini.

Kifusi kile si taka.

Barazani maneno yameshaanza: kisombwe, pasafishwe, jumba lijengwe upya. Na kujenga siku hizi ni kutaja saruji. Mwaka 2012, sehemu ya roshani ya jumba hilo hilo ilipoanguka, saruji ilitajwa. Nyumba ikipata ufa mtaani Shangani, saruji. Lipu ikibanduka mtaani Malindi, saruji. Tumelisema hili mpaka sauti imekauka, na leo tunalisema tena.

Jiwe la Mji Mkongwe ni la matumbawe: laini, lina vitundu, hunywa maji. Chokaa nayo hunywa maji ikayatoa, na ukuta ukapumua. Upige ukuta huo lipu ya saruji uone. Unyevu unaopanda kutoka ardhini unakosa pa kutokea, chumvi yake inaganda ndani ya jiwe, inasukuma, na jiwe linageuka unga. Nje panang'aa, ndani panalika. Kiraka kigumu kuliko jiwe hakilindi jiwe, kinalimaliza.

Basi tutumie chokaa? Ndiyo, lakini chokaa ipi? Iliyochomwa kwa jiwe gani, ikazimwa kwa muda gani, ikatiwa mchanga kiasi gani na udongo mwekundu kiasi gani? Mafundi walioshika mwiko kwa Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883 jibu lao wameliacha ndani ya ukuta, na ukuta sasa uko chini.

Kifusi kile si taka.

Kuusoma udongo huo wa kujengea, yaani ule mchanganyiko wa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, kunahitaji uangalifu. Njia iliyozoeleka maabara ni kutia kipande katika asidi: chokaa inayeyuka, mchanga unabaki, unaoshwa, unachekechwa, unapimwa. Lakini mchanga wa pwani yetu una vipande vya matumbawe na makombe, na asidi hula hivyo pia. Ukitegemea asidi peke yake utaambiwa chokaa ilikuwa nyingi kuliko ilivyokuwa. Ndiyo maana kipande hukatwa, kikasuguliwa mpaka mwanga upenye, kikatazamwa kwa hadubini. Hapo chembe ya kombe inajitenga na chokaa, na punje ya mkaa wa tanuu inaonekana. Tena jumba lile lilitengenezwa baada ya mizinga ya Waingereza ya 1896, kwa hiyo huenda udongo wake si wa mwaka mmoja. Kila kipande kiandikwe kilikotoka.

Kisha yafanywe majaribio. Michanganyiko mitatu, minne, ikandwe, ipakwe juu ya jiwe la matumbawe, ipigwe na masika na upepo wa bahari. Unaofaa ni ule ulio dhaifu kidogo kuliko jiwe, unaopitisha unyevu, unaokubali kuharibika wenyewe ili jiwe lipone. Chokaa haina haraka: hukomaa kwa kuvuta hewa, wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi, na hutaka kufunikwa na kunyunyiziwa maji. Mkataba usioipa chokaa muda wake umeshachagua saruji, hata kama neno hilo halimo.

Mamlaka ya Mji Mkongwe, mliopewa dhamana hii tangu 1985, simamieni! Wekeni turubai juu ya kifusi, wekeni mlinzi, wekeni alama. Wafadhili, lipeni maabara kabla ya kulipa mkandarasi. Mafundi wazee mnaojua kuzima chokaa, jitokezeni, msisubiri kuitwa. Nanyi vijana, kaeni karibu nao mjifunze kwa mikono yenu. Mji huu uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 kwa kuta zake. Tusizike wenyewe siri ya kuta hizo jaani!

Kifusi kile si taka, ndugu zangu. Lori lisitoke pale Forodhani kabla gunia la kwanza la vipande halijafika maabara.