Nia na Miguu: Habari za Bwana Kipchoge Keino



Hapa Eldoret hakuna kijana asiye na nia ya kushinda. Nia ni kitu rahisi, haitozwi kodi. Leo napenda kusema juu ya mtu aliyeilipia.

Mwaka 1968 Bwana Kipchoge Keino, mzaliwa wa Nandi na mwalimu wa mazoezi ya viungo katika Polisi ya Kenya, alikwenda Mexico City kwa Michezo ya Olimpiki, naye yu mgonjwa wa nyongo. Katika mbio za mita 10,000 maumivu yalimwangusha. Madaktari wakamkataza kukimbia. Hata hivyo alipata nishani ya fedha katika mita 5,000. Na siku ya mita 1,500 gari lake lilipokwama njiani kwa wingi wa magari, akashuka, akaenda mbio mpaka uwanjani! Huko akamshinda Jim Ryun wa Marekani kwa kadiri ya mita 20.

Lakini mimi nastaajabia zaidi kazi isiyokuwa na watazamaji. Yeye na mkewe, Bibi Phyllis, waliwapokea mayatima nyumbani kwao, wakalima shamba ili wapate kuwalisha. Shamba hilo likaitwa Kazi Mingi. (Wenye sarufi watasema “Kazi Nyingi”. Na waseme, watoto walishiba.) Mwaka 1999 ikafunguliwa shule ya msingi, na mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, wakuu wa Olimpiki wakamtunukia tuzo kwa ajili ya kazi hiyo. Tangu Mexico City ilikuwa imepita miaka 48, na katika nyumba ile uji ulipaswa kupikwa kila asubuhi.