Neno Letu Likifutwa, Nani Atashuhudia?

Ndugu zangu, dada zangu, vijana wenzangu wa Machakos, na nyinyi mnaotufuata kwa simu kutoka Mlolongo, Athi River, Kitui na hata kule Mombasa, karibuni. Jua ni kali na najua wengine mmeacha kazi ili mje. Sitawachelewesha.

Nianze na kisa.

Mwaka jana kijana mmoja wa mtaani kwetu alichukuliwa jioni, baada tu ya swala ya Magharibi. Gari lilisimama, watu wakashuka, likaondoka naye. Mama yake alizunguka kituo hadi kituo na kila mahali akaambiwa hayupo. Sisi tukafanya kile tunachojua kufanya. Tukaweka picha yake mtandaoni, tukaandika: "Tunatafuta mashahidi. Kama ulikuwa karibu na steji saa moja jioni, tupigie." Tukaweka nambari ya simu, basi.

Asubuhi tunaamka, posti haipo. Tunaambiwa imekiuka kanuni kuhusu watu na mashirika hatari. Ukurasa wetu ukafungiwa kuposti kwa siku saba. Mtandao wenyewe sitautaja leo. Tukakata rufaa. Siku ya tisa posti ikarudishwa, na ujumbe mfupi wa kuomba radhi. Siku hiyo hiyo mwenye duka moja pale stejini akatupigia: "Ningejua mapema ningewasaidia. Kamera yangu ya CCTV hujifuta yenyewe kila baada ya wiki."

Kijana alirudi, alhamdulillahi. Aliachwa kando ya barabara usiku, hajui alikuwa wapi. Lakini ukiuliza kesi iko wapi, hakuna kesi, kwa sababu hakuna ushahidi.

Mama yake aliniuliza swali ambalo bado linanikosesha usingizi. Aliniambia, "Mwanangu, mliandika nini kibaya hata wakafuta picha ya mtoto wangu?" Sikuwa na jibu. Leo najaribu kumjibu.

Hatukuambiwa ni neno gani lililotuponza. Lakini hebu tulitazame neno moja tulilotumia: shahidi. Kwa Kiswahili, shahidi ni mtu aliyeona jambo na yuko tayari kulisema. Mahakamani kuna mashahidi. Harusini, nikaha haifungwi bila mashahidi. Jirani zetu wana kanisa linaitwa Mashahidi wa Yehova. Na ndiyo, shahidi pia ni yule aliyekufa kwa ajili ya imani yake. Neno ni moja, maana ni nyingi, na sisi tuliozaliwa nalo hatuchanganyikiwi hata siku moja. Mashine je?

Kwa miaka mingi kampuni ya Meta, yenye Facebook na Instagram, ilikuwa na kanuni kuhusu neno hilo katika umbo lake la Kiarabu. Likitumiwa kumtaja mtu aliye kwenye orodha yao ya watu hatari, lilihesabiwa moja kwa moja kuwa ni kumsifu, hata kama mwandishi anatoa habari tu au analaani. Machi 2024, bodi ambayo Meta yenyewe iliiunda ipitie maamuzi yake ilisema marufuku hiyo imepita kiasi. Ilieleza kwamba neno hilo limesababisha kufutwa kwa maudhui mengi kuliko neno lingine lolote moja, na kwamba lina maana zaidi ya moja. Miezi michache baadaye Meta ikakubali kulegeza. Sikilizeni vizuri: ilichukua miaka kwa kampuni tajiri kiasi hicho kukubali jambo ambalo bibi yako Majengo angewaeleza kwa dakika moja.

Hilo si peke yake. Mei 2021, wakati wa vurugu za Jerusalem, alama ya reli yenye jina la msikiti wa Al-Aqsa ilizuiwa Instagram, kwa sababu jina la msikiti lilichanganywa na jina la kundi lenye silaha. Uchunguzi ulioagizwa na Meta yenyewe, uliotolewa mwaka 2022, ulikuta kwamba maudhui ya Kiarabu yalikuwa yakifutwa kupita kiasi. Na Desemba 2023 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu visa 1,050 vya kufutwa au kufichwa maudhui kuhusu Palestina, kutoka nchi zaidi ya 60, kati ya Oktoba na Novemba. Visa 1,049 kati ya hivyo vilikuwa vya maneno ya amani.

Sasa mtu atasema: "Kaka, basi wafute tu, bora usalama." Swali zuri. Wangekuwa wanafuta na usalama unapatikana, labda tungenyamaza. Lakini mwaka 2022 watafiti wa Institute for Strategic Dialogue walikuta propaganda za al-Shabaab na za kundi la IS zikizunguka Facebook kwa Kisomali, Kiswahili na Kiarabu, bila shida. Mwaka huo huo, kabla ya uchaguzi wetu wa Agosti, mashirika ya Global Witness na Foxglove yalipeleka Facebook matangazo ya majaribio yenye chuki ya kikabila, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Yale ya Kiingereza mwanzoni yalikataliwa, yakarekebishwa kidogo, yakapita. Ya Kiswahili yalipita tu. Bila shaka waliyaondoa wenyewe kabla hayajatangazwa. Tume ya NCIC ikaipa Facebook siku saba ijirekebishe.

Kwa hivyo mambo ni mawili, na yote yanatuumiza. Mama anayemtafuta mwanawe anafutwa. Anayeita watu wachinjane anapita. Asili ni moja: lugha yetu haijapewa macho ya kutosha. Mnunuzi akija sokoni hajui maembe, atatupa mazuri na kubeba yaliyooza.

Tena msidhani wachujaji ni watu wa mbali. Wengi walikuwa Nairobi, safari ya matatu moja tu kutoka hapa. Kampuni ya Sama ilikuwa na mkataba wa kuchuja maudhui ya Facebook kwa niaba ya Meta. Vijana kama nyinyi, wa Kenya, Ethiopia, Somalia, Afrika Kusini na kwingineko, walikaa mbele ya kompyuta wakitazama watu wanachinjwa, watoto wanadhalilishwa, siku nzima. Februari 2022 gazeti la Time lilieleza kuwa baadhi yao walilipwa kama dola moja na nusu kwa saa. Daniel Motaung, aliyekuwa mmoja wao, alifukuzwa baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake wadai haki. Mei 2022 akaenda mahakamani Nairobi. Mwaka 2023 wachujaji wengine zaidi ya 180 nao wakashtaki baada ya kuachishwa kazi. Daktari aliyewapima kwa ajili ya kesi alikuta zaidi ya 140 wana maradhi ya akili yanayotokana na kuona mambo ya kutisha.

Meta ikasema mahakama za Kenya hazina uwezo juu yake. Mahakama ikasema zinao, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasimama hapo hapo. Wakati nakasirika posti yangu imefutwa, nikamkumbuka kijana aliyekaa kwenye kiti kile, ana sekunde chache za kuamua, halali, hana wa kumuuliza. Hasira yangu ikahama mlango. Tatizo ni aliyepanga kazi iwe hivyo.

Sasa nifike mahali pagumu kwangu. Wiki ile ile kijana wetu alipopotea, kwenye gurupu letu la WhatsApp iliingia sauti ya mtu akisema muuza chipsi fulani ndiye aliyemuuza kijana kwa waliomchukua. Hakukuwa na ushahidi wowote. Mimi niliisikiliza mara moja, moto kichwani, nikaishea magurupu manne. Mimi, ninayesimama hapa. Usiku huo vijana walienda kibandani kwake. Wazee wa msikiti waliwahi, wakasimama katikati, ndipo kibanda kikapona. Baadaye ikajulikana jamaa hata hakuwa Machakos wiki ile. Nilienda kumuomba msamaha. Alinipa mkono, lakini hakunitazama machoni.

Hatuhitaji mtu kutoka California atufundishe hili. Suratul Hujurat inatuamrisha tuhakiki habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga tukajuta. Nimeisoma tangu madrasa. Nilijuta kweli kama ilivyosema.

Ndiyo maana siwaambii tudai mtandao usio na kanuni. Ibara ya 33 ya Katiba yetu inatupa uhuru wa kujieleza, na ibara hiyo hiyo inasema uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa vita na vurugu wala matamshi ya chuki. Kuna familia inayolijua hili kwa damu. Profesa Meareg Amare wa Ethiopia alichafuliwa kwenye Facebook, anwani yake ikatajwa, na Novemba 2021 akauawa kwa risasi nje ya nyumba yake, Bahir Dar. Mwanawe anasema aliripoti posti zile mapema na hakusikilizwa. Kesi yake aliileta Nairobi, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikakubali kuisikiliza. Usipochuja kabisa, watu wanakufa. Ukichuja kwa upofu, wanaotafuta haki wananyamazishwa.

Na kuna wa tatu anayetaka kushika kisu hicho: serikali. Hapa tuwe macho. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kilichotumiwa kuwakamata wanablogu, kwa sababu hakikueleza kosa ni lipi hasa. Mwaka 2018 ikaja sheria ya uhalifu wa kompyuta, yenye faini ya hadi milioni 5 kwa habari za uongo. Desemba 2024 vijana waliosambaza picha za kumkejeli rais walianza kutoweka, akiwemo mchora vibonzo Kibet Bull. Mwezi huo huo vijana wanne walichukuliwa Mlolongo, hapa hapa kaunti yetu. Polisi walikana kuwashikilia. Mwishoni mwa Januari miili ya wawili ilitambuliwa mochari Nairobi. Na Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maneno ya mtandaoni kuhusu afisa mkuu wa polisi, akapelekwa Nairobi, akafia kwenye seli ya Central. Polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukasema hapana.

Kwa hivyo mtu akikuambia, "Tuachie sisi serikali tuchuje mitandao," muulize kwanza: nani atakuchuja wewe?

Basi tunadai nini? Mambo matatu. Kwanza, maneno yetu yaamuliwe na watu wanaoijua lugha yetu, wenye mshahara wa haki na daktari. Pili, ukifutwa uambiwe ni neno gani na kanuni gani, na rufaa ijibiwe kwa saa, si kwa siku tisa, hasa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Tatu, serikali ikitaka jambo liondolewe, ipite mahakamani mchana kweupe, isipite gizani na gari lisilo na nambari.

Na sisi wenyewe tunafanya nini kuanzia leo jioni?

Mtu akipotea, usitegemee posti pekee. Nenda duka kwa duka saa hiyo hiyo, uombe picha za CCTV zihifadhiwe. Andikisha kituoni, chukua nambari ya OB. Kumbuka Ibara ya 49: aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Pigia IPOA na Tume ya Haki za Binadamu. Tangazo liwe kwenye mitandao zaidi ya mmoja, na kwenye karatasi msikitini, sokoni na stejini. Karatasi haifutwi na mashine.

Posti yako ikifutwa, piga skrinishoti, andika tarehe na saa, kata rufaa, kisha tuletee. Tumeanza daftari. Malalamiko ya mtu mmoja ni kelele, lakini visa mia moja vyenye tarehe ni ushahidi. Ripoti ile ya Human Rights Watch niliyoitaja ilitegemea watu wa kawaida waliohifadhi picha ya skrini.

Na kabla hujashea, ngoja. Jiulize nani kasema, kaona au kasikia? Jina la mtu likiwemo, ngoja mara mbili. Mimi nilishindwa kungoja dakika tano, na mtu nusura apoteze kibanda kinacholisha watoto wake.

Juzi nilirudi kwa yule mama. Nikamwambia, "Mama, hatukuandika kibaya. Tuliandika kwa lugha ambayo mwenye mlango haijui, na hajaona haja ya kujifunza." Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mfundisheni. Na nyinyi msichoke kuandika."

Tusichoke, vijana. Shahidi ni yule aliyeona, akasema. Aseme kweli, aseme kwa wakati, na asikubali kufutwa.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.