Ile Shingo si Nongo
(Mazungumzo na wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu)

Wa nyuma mnanisikia?

Nianze na swali hili la kwenye karatasi: "Dada, kisukari si ugonjwa wa Wahindi na wazungu? Sisi unatuhusu nini?" Mnacheka, lakini ni swali zuri. Mimi mwenyewe niliamini hivyo. Kidato cha pili nilikuwa bonge wa darasa, na shingo yangu kwa nyuma ilikuwa nyeusi kama imepakwa masizi. Wenzangu wakasema ni nongo. Nilijisugua kwa dodoki mpaka nikachubuka! Nilipofika chuo kikuu ndipo nikajua: ngozi nyeusi na nene namna ile, shingoni au kwapani, mara nyingi ni dalili kwamba insulini haifanyi kazi vizuri.

Insulini hutoka kwenye kongosho. Ndiyo inayoifungulia sukari mlango, itoke kwenye damu iingie mwilini. Unene ukizidi, hasa wa tumbo, mlango unakuwa mgumu. Na umri wa kubalehe nao huongeza ugumu huo. Kongosho inajitahidi, mwisho inachoka, sukari inaanza kupanda. Bado si kisukari, ila uko njiani. Na huumwi popote.

Sasa, habari ya makabila. Tofauti zipo kweli. Marekani, vijana weusi, wenye asili ya Kilatino na wenyeji wa asili hupata kisukari cha aina ya pili kuliko vijana wa kizungu. Mwenye asili ya Kihindi naye huingia hatarini akiwa na uzito mdogo kuliko mzungu. Kwa hiyo aliyeuliza hakutunga. Lakini mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapima vijana 112 wanene sana, wa miaka 11 hadi 18. Kati ya kila 100, 21 walikuwa njiani, na 4 tayari walikuwa na kisukari bila kujua. Walikuwemo wa kila asili.

Halafu kuna Wapima, kabila moja lililogawanywa na mpaka. Wa Arizona, Marekani, maji ya mto wao Gila yalichukuliwa na walowezi karne ya 19. Mashamba yakakauka, wakaishia kula unga mweupe na mafuta ya msaada. Ndugu zao wa milima ya Mexico waliendelea kulima kwa jasho. Utafiti uliotolewa mwaka 2006 ulikuta kisukari kwa watu wazima 38 kati ya 100 huko Arizona, na karibu 7 tu huko Mexico. Damu moja jamani!

Basi kama uzito umezidi na shingo ni kama yangu, au mzazi ana kisukari, nenda ukapimwe asubuhi kabla hujanywa chai. Kuanzia 7.0 ni kisukari, na daktari atarudia kipimo. Kati ya 6.1 na 6.9 uko njiani. Wamarekani huanzia 5.6. Ukiwa njiani unaweza kurudi: punguza soda na chipsi, tembea, cheza mpira. Krimu ya kuchubua shingo usinunue, utaunguza ngozi na sukari itabaki palepale.

Anayetaka kunionyesha shingo yake bila wenzake kuona, nipo chumba cha matroni mpaka saa kumi.