Umejuaje?

Jumapili ya tarehe 20 Julai 2008, wanaume wawili nchini Marekani walizungumza kwa simu kwa muda wa dakika 20 hivi. Mmoja alikuwa Steven Cohen, mwenye SAC Capital, mojawapo ya hejifandi zilizotetemesha soko la hisa la New York: mifuko inayopokea fedha za matajiri na taasisi kubwa na kuzichezesha sokoni kwa ujasiri ambao mfuko wa kawaida hauruhusiwi. Wa pili alikuwa mfanyakazi wake, Mathew Martoma, aliyeshughulikia hisa za kampuni za dawa. Hakuna aliyerekodi maneno yao. Lakini kuanzia kesho yake SAC ilianza kuziuza hisa zake za Elan na Wyeth, mali ya mamia ya mamilioni ya dola, na agizo lilikuwa ziuzwe kimyakimya, hata wenzao wa ofisi moja wasijue.

Elan na Wyeth, kampuni mbili za dawa, zilikuwa zinajaribu dawa ya ugonjwa wa Alzheimer, ule unaomfanya mzee amsahau hata mtoto aliyemzaa. Matumaini yalikuwa makubwa. Tarehe 29 Julai matokeo ya majaribio yakatangazwa mbele ya mkutano wa wataalamu mjini Chicago, na yakawavunja watu moyo. Siku iliyofuata hisa za Elan zikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 40. SAC haikuguswa. Kumbe haikuwa imeuza tu: ilikuwa imegeuka na kuweka fedha zake upande wa kampuni hizo kuanguka. Faida iliyovunwa pamoja na hasara iliyoepukwa ilifika kama dola milioni 275.

Sasa, nani alizinunua hisa zile wiki ile? Kila hisa iliyouzwa ilipata mnunuzi, na mnunuzi huyo alilipa bei ya matumaini kwa kitu ambacho muuzaji alishajua kimeoza. Nasisitiza hili kwa sababu wapo wanaosema kosa la aina hii halina mwathirika. Mwathirika yupo. Hajui tu jina la aliyemuibia.

Siri ya matokeo ilitoka kwa Dakta Sidney Gilman, profesa wa Chuo Kikuu cha Michigan aliyeongoza kamati ya kusimamia usalama wa wagonjwa katika majaribio yale. Alikuwa bingwa mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, na heshima ya maisha mazima nyuma yake. Kampuni ya kuwakutanisha wataalamu na wawekezaji ndiyo iliyomuunganisha na Martoma, kwa malipo ya kama dola 1,000 kwa saa. Maongezi yakawa mazoea, mazoea yakawa urafiki, na urafiki ukafungua mlango ambao mkataba wa usiri ulikuwa umeufunga. Jumamosi, siku moja kabla ya simu ile, Martoma alipanda ndege hadi Michigan, akaonana na profesa ofisini kwake, akarudi siku hiyohiyo. Yote hayo yalielezwa mahakamani, na profesa mwenyewe alitoa ushahidi. Wagonjwa walijitolea miili yao ili dawa ipatikane. Taarifa za miili hiyo zikageuzwa bidhaa. Kwangu mimi hilo linauma kuliko zile milioni 275.

Simlaumu mtu kwa kuwa hodari wa kuchagua hisa. Ni kazi halali na ngumu: kusoma mahesabu ya kampuni mpaka macho yaume, kuzungumza na madaktari kuhusu yaliyokwisha kuchapishwa, kuuliza wauza dawa kinachonunuliwa, kisha kuunganisha vipande vidogovidogo mpaka picha ikamilike. Sheria inaruhusu yote hayo. Inachokataza ni kununua au kuuza kwa siri nzito iliyotolewa na mtu aliyeaminiwa kuitunza.

Na usidhani SAC haikuwa na kanuni. Ilikuwa na idara nzima ya kusimamia utii wa sheria, yenye makumi ya watu, na kitabu cha mwongozo. Mwaka 2011 Cohen aliulizwa kwa kiapo kuhusu kitabu hicho. Alijibu kwamba alishakisoma, ila hakumbuki kinasema nini. Ndani ya ofisi yake wachambuzi wawili wa hisa za afya walikuwa wamepinga SAC kushikilia hisa nyingi hivyo za Elan na Wyeth kabla hazijauzwa, wakataka kujua kama Martoma ana jambo analolijua. Hapo ndipo bosi alipopaswa kumwita kijana wake na kumuuliza swali moja: umejuaje? Mkuu wa mfuko asiyeliuliza swali hilo huku akipokea faida yake amechagua kutojua, na ningependa sheria imhesabie hivyo.

Mwaka 2013 SAC, kama kampuni, ilikiri makosa na kukubali kulipa dola bilioni 1.8 zikijumlishwa zote. Mwaka 2014 Martoma alihukumiwa kifungo cha miaka 9. Profesa hakushtakiwa, kwa sababu alishirikiana na waendesha mashtaka, lakini alirudisha fedha alizolipwa na jina lake likaharibika. Cohen hakufunguliwa mashtaka ya jinai. Alizuiwa kusimamia fedha za watu wengine hadi mwaka 2018, akarudi kwenye biashara, na mwaka 2020 akainunua timu ya besiboli ya New York Mets.

Sheria za masoko ya mitaji za Tanzania na Kenya nazo zinakataza biashara ya hisa kwa taarifa za ndani. Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaokaa kwenye bodi za wadhamini wa mifuko ya pensheni na vyama vya akiba na mikopo: akija meneja wa uwekezaji na faida isiyokoma, msimpigie makofi kabla hajawaeleza, kwa maneno mnayoyaelewa, alivyoipata. Akishindwa kueleza, msimkabidhi fedha za wanachama.